Wanaume Wawili na Pikapu

Mtu akifa Odell Creek, Arkansas, maiti haijapoa, jikoni kwake kumeshajaa kuku. Kuku wa tambi, kuku wa wali, kuku wa uyoga wa kopo, wote wameokwa ndani ya bakuli la kioo na kumwagiwa juu biskuti za chumvi zilizopondwa. Wabaptisti wa kule hawanywi pombe, na raha lazima mtu aitafute mahali. Chini ya kila bakuli kuna kipande cha selotepu chenye jina la mwenyewe. Msiba ni msiba, lakini bakuli lirudi.

Nadine Stubblefield alikuwa na mabakuli kumi na tisa. Yalikuwa juu ya meza, juu ya friji, na moja juu ya kiti cha marehemu mumewe, Hoyt, ambaye Ijumaa moja ya Oktoba alikwenda duka la chakula cha mifugo kununua pumba za kuku wa mayai na hakurudi. Alipigwa risasi mfuko ukiwa begani. Wakafa pia muuza duka, mkewe muuza duka, na mama mmoja aliyefuata kamba ya mbuzi. Aliyewapiga alikuwa Dalton Pruitt, kijana wa miaka ishirini na minne, ambaye kisha alitoka nje akajimalizia mwenyewe karibu na mizani. Mama yake Dalton ni Velda Pruitt, mpiga piano wa kanisa.

Baada ya hapo mambo yakaenda kama yanavyokwenda kila mara. Magari ya televisheni yakaja, yakakanyaga majani ya watu, yakaondoka. Mheshimiwa mmoja akapiga simu kusema kwamba wafiwa wote wamo katika mawazo na maombi yake. Nadine alikuwa amemsikiliza mheshimiwa huyo kwa miaka mingi na hakuamini kwamba mawazo yake yana nafasi ya watu wanne. Lakini alisema asante, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Jumamosi ya wiki ya tatu akaja Shemasi Weldon Crabb. Weldon alikuwa mrefu, mkavu, na mguu wake wa kulia alikuwa akiutua taratibu kama anayekanyaga yai, kwa sababu ya jongo kwenye kidole gumba. Alikaa, akaweka kofia gotini, akashusha sauti ile wanaume wa kanisa wanayoitunza kwa ajili ya wajane.

"Bi Nadine, nimekuletea habari ya kukufariji. Jumatano tuna kikao cha kanisa. Nitatoa hoja tumfute Velda Pruitt kwenye orodha ya washirika."

"Kafanya nini?"

Weldon alimtazama kama mtu aliyeulizwa maji yana rangi gani. "Kafanya nini? Kamlea muuaji. Yule mwanamke alijua! Anaishi naye nyumba moja, anamfulia nguo, halafu asijue? Alijua, akanyamaza. Na sisi tumekaa naye pale kila Jumapili anatupigia nyimbo."

"Anapiga vizuri," alisema Nadine.

"Si hoja hiyo. Tunalifanya kwa heshima ya Hoyt. Nimekuwekea nafasi kiti cha mbele. Tukipiga kura, mkono wako uwe wa kwanza. Watu watainua wakikuona wewe umeinua."

"Na wasipouona?"

"Bi Nadine," akasema Weldon, akisimama kwa mguu mzima, "nani asiyetaka haki?"

Alipoondoka, Nadine alibaki mlangoni. Maneno mawili yalikuwa yamemganda kichwani kama nyama kwenye jino: alijua, akanyamaza. Kuna kitu hakikuwa sawa. Akaenda kwenye droo ya chini ya simu, akatoa daftari.

Hapa lazima nieleze daftari, na nitaeleza kwa ufupi kwa sababu mwenyewe nimewahi kusinzia wakati likisomwa. Kila Jumatano baada ya chakula cha jioni, watu wa kanisa lile husema mahitaji yao, na mtu mmoja huyaandika ili wote wakayaombee nyumbani. Kwa miaka kumi na moja mtu huyo alikuwa Nadine. Aliandika tarehe, waliohudhuria, na maombi. Na miongoni mwa maombi kuna aina moja inayoitwa la moyoni. Ukiwa na jambo zito usilotaka kulitaja, unainua mkono unasema "la moyoni," unaandikwa, unaombewa, basi. La moyoni haliulizwi. Kumuuliza mtu la moyoni lake ni sawa na kumfungulia mlango wa choo yumo ndani. Wahenga waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu hawakuwahi kufika Arkansas, lakini wangefika wangeombwa wakae nyuma.

Nadine alivaa miwani akaanza na Februari.

Weldon Crabb: kidole gumba cha mguu wa kulia, kimevimba, kinauma zaidi usiku, rangi ya zambarau. Tolliver: mbwa wake amemeza soksi. Timu ya mpira ya sekondari: ushindi, na kwa goti la beki wa pembeni. Velda: la moyoni.

Wiki iliyofuata: kidole cha Weldon. Mbwa wa Tolliver ametapika soksi, utukufu kwa Mungu. Velda: la moyoni.

Machi. Aprili. Mei. Kidole cha Weldon peke yake kiliombewa wiki kumi na moja, na kwa maelezo kamili hivi kwamba washirika wengi wangekitambua kidole hicho gizani. Velda: la moyoni. Velda: la moyoni. Mwandiko ni wa Nadine mwenyewe, wa duara, wenye nukta nzuri juu ya kila herufi inayostahili nukta. Jumatano thelathini na moja, ukiondoa zile za likizo ambazo hapakuwa na ibada. Ya mwisho ilikuwa siku mbili kabla Hoyt hajaenda kununua pumba.

Hapo ndipo alipokumbuka jambo ambalo moyo wake ulikuwa umelizungushia ua. Agosti, baada ya ibada, Velda alibaki kwenye misumari ya kutundikia makoti. Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. "Nadine, una dakika moja?" Na nje Hoyt alikuwa anapiga honi, maana kulikuwa na mchezo wa besiboli redioni. Nadine akampiga Velda begani vibao viwili vidogo, kama mtu anayejaribu mkate kama umeiva. "Nitakuombea, mpenzi," akasema. Akatoka.

Na kweli alimwombea. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Alikwenda nyumbani akapiga magoti na kumwombea kwa dakika nzima.

Alikaa jikoni mpaka kahawa ikapoa. Kisha akasimama, akafunga aproni na kuosha mabakuli yote kumi na tisa, akayakausha, akayapanga kwenye sanduku la nyuma la gari. "Haya," alisema, na katika nyumba ile hapakuwa na mtu mwingine wa kuambiwa haya.

Bakuli la kwanza lilikuwa la Earlene Crabb, mkewe Weldon. Earlene alifungua mlango na mikono yenye unga.

"Dada, usingejisumbua! Ningelifuata mwenyewe."

"Earlene, nikuulize. Velda alipokuwa anasema la moyoni, uliwahi kumuuliza ni nini?"

Earlene akarudi nyuma hatua nzima. "Nadine! La moyoni haliulizwi!"

"Najua haliulizwi. Nauliza kama uliuliza."

"Nilimwombea."

"Wiki ngapi?"

"Zote. Mimi siruki wiki." Halafu, kwa sauti ya chini, akatazama nyuma kama mumewe amesimama pale: "Nilidhani ni matatizo ya kike."

"Miezi minane?"

"Sasa mimi nitajuaje ya Velda yana urefu gani!"

Ikawa hivyo nyumba kwa nyumba. Tolliver, akiwa na mbwa wake mla soksi miguuni, alisema aliomba, akadhani ni mambo ya kodi. Mwalimu wa shule ya Jumapili aliomba, akadhani Velda amepata mchumba anamwonea haya. Kila mmoja aliomba, kila mmoja alidhani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amegonga mlango wa Velda kumuuliza. Bakuli likitoka mkononi mwa Nadine, mpokeaji alilishika kifuani kama ngao.

Jumatatu alifika kwa mchungaji, Ndugu Lyle, mtu mnene mwema aliyehubiri Jumapili iliyotangulia kwamba maafa yale yametokea kwa sababu maombi yameondolewa mashuleni.

"Ndugu Lyle, Dalton hakuingia shule. Aliingia duka la pumba. Na pale dukani walikuwa wanaomba kila asubuhi kabla ya kufungua, Hoyt alikuwa akilalamika anacheleweshwa."

"Dada Nadine, nilikuwa nasema kwa ujumla."

"Hoyt hakufa kwa ujumla."

Mchungaji akaweka bakuli la mkewe juu ya Biblia, akaliondoa, akaliweka juu ya gazeti. "Mungu ana mpango wake. Sisi hatuuoni wote."

"Basi mpango wa Jumatano ni wa Mungu au wa Weldon?"

"Watu wana uchungu, dada. Wanahitaji kufanya kitu."

"Walihitaji kufanya kitu tangu Februari," alisema Nadine. "Mwambie mke wako atie chumvi kidogo zaidi. Lakini asante."

Jumanne mchana likabaki bakuli moja, nalo halikuwa na jina. Aliligeuza juu, akaligeuza chini: hakuna selotepu. Alikumbuka alilikuta barazani alfajiri ya siku ya pili ya msiba, limefunikwa kitambaa cha bluu, hakuna aliyebisha hodi. Alikula chakula chake bila kujua cha nani, na, Mungu amsamehe, kati ya kuku wote kumi na tisa ndiye aliyekuwa na ladha. Kuku mwenye majani ya seji. Katika Odell Creek nzima ni mtu mmoja tu anayetia seji.

Nyumba ya Velda ilikuwa imepigwa mawe. Madirisha manne ya mbele yalizibwa kwa maboksi ya ndizi. Velda alifungua mlango kidogo, akaona bakuli, akaona aliyelishika, akashikilia mwimo wa mlango.

"Sikuandika jina," akasema. "Niliogopa ukilijua utalitupa."

"Ningelitupa," alisema Nadine. "Nikaribishe, baridi."

Walikaa jikoni taa ikiwa inawaka mchana kwa sababu ya maboksi. Nadine hakuvua koti.

"La moyoni lilikuwa nini, Velda?"

Velda akainua macho. Yalikuwa ya mtu aliyelisubiri swali mpaka akasahau kulitarajia.

"Bunduki," akasema. "Alianza na moja, zikafika tano. Halali zote, ana risiti. Usingizi ukampotea. Anazungumza na ukuta, anataja majina. Nilimpigia sherifu, akaniambia kijana hajavunja sheria. Mimi siwezi kuzibeba, Nadine, zilikuwa kwenye kabati la chuma, na kabati zito. Nilitaka tu wanaume wawili na pikapu. Waje siku moja akiwa kazini, wabebe kabati, waondoke. Basi."

"Wanaume wawili na pikapu."

"Mlikuwa watu ishirini na saba mnaniombea." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama anayesoma hesabu ya mtu mwingine. "Niliona haya kutamka. Nikasema labda mmoja ataniuliza. Kila Jumatano nikasema labda leo."

Nadine aliangalia mikono yake. "Agosti uliniomba dakika."

"Hoyt alikuwa anapiga honi."

"Ndiyo."

Friji ikanguruma, ikanyamaza.

"Wanifute tu kesho," alisema Velda. "Mimi siji. Nadine, unanisamehe?"

"Sijafika huko. Huenda nisifike mwaka huu. Nimekuja kurudisha bakuli." Akasimama. "Lakini kufutwa hutafutwa. Si kwa jina la mume wangu."

Jumatano walikula kwanza, maana kanisa lile haliwezi kutenda haki wala dhuluma kwa tumbo tupu. Kisha wakaimba bila piano, kila mtu katika sauti yake, ukawa wimbo mmoja wenye nyimbo ishirini ndani yake. Nadine alikaa kiti cha mbele alichowekewa, daftari mapajani.

Weldon alisimama na kusoma hoja yake kutoka kwenye karatasi: kwamba Velda Pruitt, kwa kuwa alijua jambo la hatari na akanyamaza, afutwe. Ndugu Lyle akauliza kama kuna mwenye la kusema kabla ya kura. Nadine akainuka.

"Nina marekebisho."

Mnapaswa kujua kwamba Weldon Crabb alikuwa mlinzi wa kitabu cha kanuni za vikao. Aliwahi kuzuia kikao kwa saa mbili kwa ajili ya rangi ya zulia. Hakuna aliyejua vizuri kuliko yeye kwamba marekebisho huamuliwa kabla ya hoja, na mtu hazuiwi kuyaeleza.

"Kwanza nisome kumbukumbu," alisema Nadine, akafungua daftari. "Februari, Jumatano ya kwanza. Weldon, kidole gumba, kimevimba, zambarau. Tolliver, mbwa, soksi. Velda, la moyoni."

Akageuza ukurasa. Alisoma wiki zote thelathini na moja. Hakupandisha sauti, hakuruka hata goti la mpira. Mwanzoni mtu alicheka kidogo kwenye soksi. Kufikia Mei hakuna aliyecheka. Kufikia Julai, kila Nadine alipofika kwenye "Velda," watu walikuwa wanainamisha macho hata kabla hajatamka mawili yaliyobaki. Earlene alikuwa ameshika leso mdomoni.

"Weldon anasema alijua akanyamaza," Nadine akasema. "Hakunyamaza. Alisema mara thelathini na moja, kwa namna tuliyomfundisha sisi. Agosti aliniomba mimi dakika moja pale kwenye makoti. Nikampiga begani nikaenda kusikiliza besiboli. Mume wangu alikuwa kwenye gari, ananiharakisha. Sasa mnajua na mimi ninachokijua. Marekebisho yangu ni haya: baada ya maneno 'Velda Pruitt,' yaongezwe maneno 'na kila mshirika aliyesikia ombi lake asimuulize.' Majina ninayo, mahudhurio naandika. La kwanza ni Nadine Stubblefield. Nani ananiunga mkono?"

Ndugu Lyle alionekana akihesabu kwa midomo. Marekebisho yakipita na hoja ikipita, kanisa zima linafutwa, yeye akiwemo, na anayebaki ni Mzee Purvis, mwenye miaka tisini na tatu, kiziwi, ambaye kwa haki kabisa hakusikia ombi la Velda wala la mtu yeyote tangu vita vya Korea.

"Wanasema nini?" alipaza sauti Mzee Purvis.

"Wanakuachia kanisa!" Tolliver akamjibu sikioni.

"Silitaki!"

Weldon alikuwa amesimama na karatasi yake. "Marekebisho hayana muungaji," akasema haraka. "Kwa mujibu wa kanuni, marekebisho yasiyo na muungaji…"

"Ninaunga mkono," alisema Earlene.

Weldon akageuka taratibu, kwa ajili ya kidole.

"Earlene."

"Usiniite Earlene. Nilidhani ni matatizo ya kike, Weldon. Wiki thelathini na moja. Ninaunga mkono, andikeni."

Ndugu Lyle alijipangusa paji la uso. "Shemasi," akasema, "hoja yako bado iko mezani? Kwa sababu ikiwa haipo, na marekebisho hayana pa kukaa."

Weldon aliangalia viti, akitafuta mkono mmoja wa kumfaa. Watu walikuwa wanaangalia viatu vyao, kama kwamba vimeletwa leo. Akakunja karatasi mara nne.

"Naiondoa."

Hakuna aliyepiga makofi. Ndugu Lyle akafanya alichojua kufanya kila Jumatano: akauliza kama kuna mahitaji ya maombi.

Nadine alikaa, akaweka tarehe juu ya ukurasa mpya, akafungua kalamu. Na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, aliyeinua mkono wa kwanza alikuwa mwandishi mwenyewe.

"Velda Pruitt," akasema huku akiandika. "Madirisha manne ya mbele. Vioo nimeshapima. Kesho asubuhi. Wanahitajika wanaume wawili na pikapu."

"Tutamwombea," alisema sauti moja nyuma, kwa mazoea tu, maskini, na hapo hapo mwenye sauti akajuta.

"Wanaume wawili," alirudia Nadine, "na pikapu." Kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi, na ilionekana wazi kwamba mwenye kalamu anaweza kukaa hapo mpaka Krismasi.

Tolliver akakohoa. Akasema yeye anaweza, ila pikapu yake iko kwa fundi.

"Weldon ana pikapu," alisema Earlene.

"Mimi," alisema Weldon, "kwa kidole hiki…"

"Kidole kimeombewa wiki kumi na moja," alisema Nadine, na akaandika jina lake. "Saa mbili asubuhi, Weldon. Mje na gundi ya kubandikia vioo, na msipige honi."